Viti Viwili vya Dirishani

Ghorofa ya pili ya maktaba ile ilikuwa na viti tisini na sita, na Kimya alivijua vyote kwa miguu yao. Alijua kipi kimelegea, kipi kinayumba, na kipi kimechorwa chini ya kikalio jina la mtu aliyependwa zamani na mtu mwingine. Asubuhi hiyo ya Ijumaa alivipanga kama kawaida yake, meza kwa meza, mpaka mstari ukanyooka kama uzi wa fundi. Viwili vya mwisho vilikuwa vya dirishani. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mguu wa chuma uliong'oka mpira, ukikiburuta kinapiga yowe la kuamsha jengo zima. Hicho siku zote alikibeba. Leo alikibeba, akakiweka mahali pake, kisha akavifuta vyote viwili mara mbili.

Hapo ndipo alipokuwa akikaa Futi. Na leo Futi anaondoka.

Jina lake halikuwa Futi, wala la binti huyu halikuwa Kimya. Wafagiaji wenzake ndio waliowabatiza. Yeye walimwita Kimya kwa sababu angeweza kufanya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana asitoe neno zaidi ya "naam" na "asante". Kijana walimwita Futi kwa sababu hakuonekana bila futi ya kupimia kiunoni, ile ya chuma inayojikunja yenyewe kwa kishindo. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anasomea uchoraji wa majengo. Mrefu, mwembamba, macho yamejaa maswali. Akikuta mlango anaupima. Akikuta mtu anamuuliza.

Kuuliza huko ndiko kulikomleta kwenye maisha ya Kimya.

Miezi mitatu nyuma, Mkutubi Mkuu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alipata ruhusa ya kuitengeneza upya ghorofa ya pili. Mwingine angeita mafundi wapake rangi, walete meza mpya, basi. Mama huyu alikataa. "Mimi sikai humu nikasoma," alisema. "Wanaokaa ni wanafunzi. Waulizwe wao wanataka pakae vipi." Ikaundwa kamati ya wanafunzi, Futi akawa kiongozi wake, na wakakubaliana hivi: kwa wiki mbili kila mwanafunzi avute kiti na meza apeleke anapotaka mwenyewe, na kila asubuhi kabla maktaba haijafunguliwa, Futi aje achore vilivyolala. Mtu ukimuuliza anaweza kukujibu la kukufurahisha. Kiti hakina aibu, kinabaki pale kilipoburutwa.

Siku ya kwanza Futi alikuja saa moja, akakuta viti tisini na sita vimenyooka. Siku ya pili, vimenyooka. Siku ya tatu akaja saa kumi na mbili na nusu, akamkuta msichana wa aproni ya buluu anamalizia mstari.

"Dada! Dada, ngoja! Ni wewe unayevipanga?"

Kimya alishtuka, akadhani mstari umepinda. "Ndiyo, kaka. Kila asubuhi."

"Kila asubuhi!" Kijana alikaa sakafuni palepale, akashika kichwa. Halafu akaanza kucheka, cheko la mtu aliyeibiwa kiatu akiwa amekivaa. "Na mimi jana nimemwandikia Mkutubi kwamba wanafunzi wa hapa wana nidhamu ya ajabu, hawataki kubadilisha hata kitu kimoja!"

"Samahani, kaka."

"Tangazo hukuliona? Lile pale mlangoni. Tumeandika samani zisiguswe."

Tangazo alikuwa ameliona. Karatasi nyeupe, maneno yamebanana kama watu kwenye foleni. Akadhani ni lilelile la kukataza kelele. Kimya aliacha shule darasa la nne, mwaka aliofariki mama yake, na tangu hapo kusoma kwake kulikuwa kwa kukokota. Herufi kubwa za chapa aliziweza akipewa muda, moja baada ya nyingine, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe. Lakini ni nani angesimama mbele ya kijana wa chuo kikuu, ndani ya maktaba, vitabu vimemzunguka mpaka darini, akasema hivyo?

"Sikuliona," alisema. Ulikuwa uongo mdogo, wa kutoshea kiganjani. Kisha, kwa kuwa uso wa kijana ulimtia huruma, akaongeza, "Ila naweza kukurudishia."

"Kunirudishia nini?"

"Vilivyokuwa. Vya jana. Na vya juzi."

Futi alimtazama kama amesikia ukuta unaongea.

Na kweli alivirudisha. Alivuta kiti hiki, akageuza kile, akasogeza meza kwa nyonga, huku sauti yake ndogo ikitoka kidogokidogo. "Hapa walikuwa wanne, duara. Wananong'ona hawa, maana niliokota karatasi za peremende nne, kila moja imekunjwakunjwa. Huyu wa hapa anataka umeme. Amekaa sakafuni kabisa, mgongo ukutani, kwa ajili ya kuchaji simu. Kiti chake kakiacha mbali. Na kule nyuma ya nguzo..."

"Nyuma ya nguzo kuna nini?"

"Kuna mtu mmoja. Kila siku anageuza kiti, anatazama ukuta. Naokota karatasi laini tatu, nne, zimelowa. Analia, kaka. Msije mkaiondoa hiyo nguzo."

Futi hakucheka. Aliandika. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa na kitu kipya, na Kimya akajikuta anaitazama ndoo.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ilikuwa yao. Kimya anaeleza, Futi anachora. Futi anauliza, Kimya anajibu sentensi mbili, tatu, mwisho kumi. Wafagiaji wa chini wakaanza kutaniana ngazini: "Jamani, leo Kimya kacheka. Nani kamsikia? Tuandike tarehe." Futi akichora alikuwa na tabia ya kuandika pembeni kila kitu ni nini: viti, meza, mlango, dirisha. Kimya alisimama nyuma ya bega lake akajifunza sura za maneno hayo, jinsi yeye alivyoyaandika kwa haraka, yameshikana. "Viti" ya Futi ilikuwa na mkia mrefu mwishoni. "Dirisha" yake ilianza kama mtu aliyebeba mzigo tumboni. Hakumwambia kwamba anajifunza. Alidhani akikaa kimya hivyo siku moja atayajua yote, na ule uongo mdogo utakuwa umejifuta wenyewe.

Siku aliyosahau kumwita kaka, wote wawili waliisikia. Futi aliangusha penseli, ikabiringika mpaka chini ya kabati, na wakaitafuta kwa muda mrefu kuliko penseli inavyostahili.

Halafu ikaja Jumatano.

"Nimepata kazi," Futi alisema. "Mbali. Miezi sita ya kwanza sitapata hata likizo. Naondoka Ijumaa." Akatoa bahasha mfukoni. "Usiisome hapa. Soma ukiwa peke yako."

Kimya aliifungua chumbani kwake, mlango umefungwa. Kurasa mbili, mwandiko umeshikana wote, umelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Aligeuza karatasi juu chini. Alijaribu mstari wa kwanza mpaka jasho likamtoka. Mwisho akafanya alilolifanya maisha yake yote likitokea jambo la kuandikwa. Alimpelekea Shangazi.

Shangazi ndiye aliyemlea. Ndiye pia msimamizi wa wafagiaji wa jengo lile, mwanamke mnene wa vitendo, mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko mlinzi. Alivaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Ilichukua muda, na muda wote huo Kimya alikuwa anamtazama midomo.

"Anakuaga," Shangazi alisema hatimaye. "Anashukuru kwa kazi mliyofanya. Anakutakia maisha mema. Kijana ana adabu zake."

"Ndiyo yote hayo, Shangazi? Mbona karatasi imejaa?"

"Wasomi hao, mwanangu. Salamu moja wanaandika kurasa mbili." Akaikunja barua, akamrudishia, akaenda jikoni, na usiku ule hakutaniana na mtu.

Hivyo ndivyo Kimya alivyofika Ijumaa, barua mfukoni mwa aproni, macho yamevimba, na sentensi moja aliyoifanyia mazoezi njia nzima.

Hatua zilisikika ngazini. Alizijua. Futi aliingia amevaa shati jeupe la siku ya kuonyesha mchoro, begi la safari begani. Hakumtazama Kimya. Macho yake yalikwenda moja kwa moja dirishani, na pale yakakaa. Kimya aliona uso ukimshuka taratibu, kama pazia lililoachiwa kamba.

"Haya," alisema Futi. "Nimeona jibu lako."

Jibu gani? Swali lilimjia Kimya mpaka kwenye ulimi, likaganda hapo.

"Nashukuru hukunificha," Futi akaendelea, sauti yake ya adabu, ya mgeni. "Nilisema sitakusumbua, na sitakusumbua. Saa nne tunamwonyesha Mkutubi mchoro. Gari langu ni saa sita. Nikimaliza hapa naenda moja kwa moja."

Kimya hakuwa na kingine alichokiandaa, akatoa ile sentensi yake. "Na mimi nakutakia maisha mema."

Futi aliinamisha kichwa kama mtu aliyepokea kitu kizito. Akaichomoa ile futi ya chuma kiunoni, akaiweka juu ya meza ya karibu. "Kaa nayo. Huko watanipa nyingine."

"Futi..."

Lakini mlango ulisukumwa, wakaingia wenzake wa kamati wamebeba kijumba cha maboksi, mfano wa ghorofa mpya, wanagombana kwa furaha. "Inua upande wako, we!" "Nguzo imeanguka, nani ana gundi?" "Kiongozi, njoo, tunakufa na mzigo!" Futi akaenda. Kimya akachukua futi na ndoo yake, akashuka ngazi bila kuziona.

Stoo ya chini ilikuwa na harufu ya sabuni na matambara mabichi. Kimya aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtu akikuaga, anangoja jibu gani? Na jibu hilo aliliona wapi, wakati yeye hakusema wala hakuandika kitu?

Alitoa barua. Hakujaribu kuisoma. Aliitazama tu, kama unavyotazama umati wa watu usiowajua, ukitafuta uso mmoja. Mstari kwa mstari. Ukurasa wa kwanza hapakuwa na mtu. Ukurasa wa pili, karibu na mwisho, alimwona: neno fupi, lenye mkia mrefu.

Viti.

Akaweka kidole. Baada ya maneno machache, tena. Viti. Na mbele kidogo, yule mwenye mzigo tumboni. Dirisha, halafu vijiherufi viwili alivyoshindwa. Barua ya kuaga, ya kutakiana maisha mema, viti vya dirishani vimefuata nini humo?

Mlango ulifunguliwa. Shangazi alikuja kuchukua sabuni.

"Saa nne na nusu hii umekaa tu, we mtoto? Kule juu kuna wageni, ngazi zina vumbi."

"Shangazi, hapa pameandikwa viti."

Shangazi alisimama na kopo la sabuni mkononi.

"Hapa, na hapa. Na hapa dirisha. Hukuniambia habari za viti."

"Umejuaje kusoma hiyo?"

"Sijui kusoma. Haya mawili nayajua." Kimya akainuka. Alikuwa mfupi kuliko Shangazi kwa kichwa kizima, na hajawahi kumwinulia sauti. Hata sasa hakuinua. "Nisomee, Shangazi. Yote. Kama yalivyo."

Shangazi alifunga mlango kwa kisigino. Akaweka kopo chini. Akatafuta miwani kwenye mfuko huu, akaikosa, akaipata kwenye mfuko ule. Kisha akasoma, na sauti yake ikawa ya chini, kama anasoma hukumu yake mwenyewe.

Mambo ya mwanzo yalikuwa ya kazi na shukrani, hayo hakuwa amedanganya. Halafu: "Kimya, katika miezi hii mitatu nimeuliza watu mia tatu wanataka nini. Nimewauliza wanataka mwanga au kivuli, kelele au utulivu. Wewe sijakuuliza lolote la kwako. Nakuuliza sasa. Mimi nakupenda. Ninachojua ni kupima, na hili nimeshindwa kulipima. Ukinikubali, nitarudi baada ya miezi sita, nitakuja kwa wakubwa wako kwa heshima zote. Najua huna maneno mengi, sitaki kukubana yakutoke. Ijumaa asubuhi ukipanga viti, kama moyo wako uko kwangu, vile viti viwili vya dirishani usivirudishe kwenye mstari. Viache vitazamane. Nikivikuta mstarini nitaelewa, wala sitakusumbua tena."

Kimya hakulia. Aliona mikono yake mwenyewe, asubuhi ileile, inabeba kile kiti chenye yowe kwa uangalifu, inakinyoosha, inakifuta. Mara mbili.

"Nimefagia jengo hili miaka kumi na tisa," Shangazi alisema, bado anaitazama karatasi. "Kila mwaka wanaondoka, mwanangu. Wanaondoka na vyeti vyao, wanapiga picha kwenye ngazi, na ngazi tunafagia sisi. Na huko kwao je? Mama yake akiuliza mkwe wangu kasoma wapi, ungesema nini? Darasa la nne?"

"Ningesema darasa la nne."

"Eh?"

"Ningesema mwenyewe, Shangazi. Kwa mdomo wangu. Ungeniacha niseme." "Kumwogopa, ningemwogopa. Kukataliwa, labda ningekataliwa. Lakini ningekuwa nimesema."

Shangazi alivua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo na yamechoka. "Mama yako alikuacha mkononi mwangu huwezi hata kuinua ndoo ya maji," alisema. "Nilitaka usiumie tu."

"Nimeumia, Shangazi."

Kule juu, kwa mbali, watu walipiga makofi.

"Saa ngapi sasa?" Kimya aliuliza.

"Inakaribia saa tano." Shangazi akanyoosha mkono. "Vua aproni basi. Utaendaje mbele za watu na aproni?"

"Naenda nayo," Kimya alisema, akapita.

Ghorofa ya pili ilikuwa imejaa. Wanafunzi walisimama kuzunguka meza kubwa ya katikati, wengine juu ya vidole, wakitazama kijumba cha maboksi. Mkutubi Mkuu alikuwa ameinama juu yake, miwani puani. Futi alishika rula na kueleza, ila alieleza kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

"Hapa ni kona ya kunong'ona. Hapa soketi zimeshuka chini, kwa wanaopenda kukaa sakafuni. Nguzo tumeiacha. Kiti kimoja nyuma yake, kinatazama ukuta."

"Kiti kinatazama ukuta!" Mkutubi alisema. "Hili nalo nani kawaambia? Kwenye majibu ya wanafunzi sikuliona."

"Mtu asingeliandika," Futi alisema. "Alituambia mmoja anayevijua viti hivi kuliko sisi sote. Yupo..." Kimya alikuwa ameingia.

Alipita pembeni, bega karibu na ukuta, kama alivyozoea kupita palipo na watu. Hakumwangalia yeyote. Alifika dirishani, akashika mgongo wa kile kiti kibovu, kile ambacho kwa miaka miwili hakuwahi kukiburuta hata mara moja.

Akakiburuta.

Yowe lake lilipasua ukumbi. Vichwa hamsini viligeuka kwa pamoja. Mtu akaziba masikio. Kimya alisikia uso wake ukiwaka moto hadi masikioni, lakini mikono haikuacha.

"Binti," Mkutubi alisema kwa upole, "tungemaliza kwanza kidogo..."

"Na huyu naye ni kamati?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Muache," akajibu mwingine. "Si tulisema kila mtu avute anapotaka?"

Wakacheka. Kimya akakigeuza kiti kile, akakishika cha pili, akakivuta nacho nje ya mstari, akakielekeza kwa mwenzake. Viti viwili, vinatazamana, jua la dirishani limelala katikati yao. Kisha akasimama, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama Futi usoni.

Vicheko vilififia vyenyewe. Futi aliweka rula juu ya kijumba cha maboksi, juu ya paa lenyewe, ikaanguka, na hakuiokota. Alitembea polepole kama anaogopa sakafu.

"Asubuhi vilikuwa mstarini," alisema kwa sauti ya chini.

"Asubuhi nilikuwa sijaisoma." Alijikaza. Hapa ndipo ulipokuwa ule uongo mdogo, na hapakuwa na njia ya kuuzunguka. "Mwandiko wako siuwezi, Futi. Niliacha shule darasa la nne. Hata lile tangazo la mlangoni, siku ile, nililiona. Nilikudanganya. Sikuweza kulisoma."

Futi alikuwa na uso uleule wa siku ya kwanza, alipokaa sakafuni akashika kichwa.

"Watu mia tatu," alisema mwisho. "Nimeuliza watu mia tatu. Wewe nikakupa karatasi, nikaondoka."

"Umeniuliza," Kimya alisema. "Na nimekujibu." Akaigusa ile migongo miwili ya viti.

Huko katikati ya ukumbi mtu alikohoa. Mkutubi Mkuu alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Kamati," alisema, "tupumzike dakika kumi. Naona kuna mhusika mkubwa tulisahau kumhoji." Na wanafunzi, ambao walikuwa wamekuja kusikia habari za meza na soketi, walitoka wakisukumana, wakigeuza shingo mpaka mlangoni.

Wawili wakakaa. Magoti yao yalikuwa karibu kugusana, hayakugusana. Walikuwa na mambo ya miezi mitatu ya kusema, na muda wa kufika kituoni ulikuwa unawaishia.

"Miezi sita ni asubuhi ngapi?" Kimya aliuliza.

"Mia na themanini na kitu."

"Nyingi."

"Nyingi," Futi alikubali. Akaangalia viganja vyake. "Nikiandika, nitaandika kama kwenye ramani. Herufi kubwa, moja moja. Hata ikichukua siku nzima ukurasa mmoja."

"Na mimi nitachukua siku nzima kuusoma. Tutakuwa sawa."

Futi alicheka, Kimya naye akacheka, na katikati ya kicheko macho ya Kimya yakajaa. Futi aliinua mkono, akausitisha hewani karibu na shavu lake, akaurudisha gotini. Joto la mkono ule ambao haukumgusa, Kimya alilisikia.

Futi alipoinuka kuchukua begi, Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na fagio.

"Shikamoo, Shangazi," Futi alisema.

"Marahaba." Alimtazama toka viatuni hadi kichwani, na kurudi. "Mwandiko wako mbaya."

"Nimeambiwa, Shangazi."

"Andika vizuri. Mimi barua za watu sisomi tena." Akapisha njia. Futi alipofika ngazini akaongeza, bila kumtazama, "Na hao wakubwa wake uliosema utakuja kuwaona, ni mimi peke yangu. Usije mikono mitupu, na usichelewe."

Kimya hakwenda dirishani kumwangalia akiondoka. Alibaki ameketi. Alipokuwa na hakika kwamba lango limeshafungwa nyuma yake, akatoa ile futi ya chuma, akauvuta utepe wake kutoka ukingo wa kiti kimoja hadi ukingo wa kingine. Namba alikuwa anazisoma vizuri, namba hazijawahi kumsumbua. Sentimita sitini na mbili.

Jumatatu alfajiri alipanga viti tisini na vinne, mstari umenyooka kama uzi. Viwili hakuvipanga. Wanafunzi wa Jumamosi walikuwa wamevisogeza kidogo, akavirudisha, akapima. Msichana mmoja wa chuo, aliyewahi kuingia mlango ulipofunguliwa saa mbili, alimkuta amepiga goti sakafuni, futi mkononi.

"Unapima nini, dada?"

Zamani angesema "hamna kitu" akabeba ndoo yake.

"Nafasi ya mtu," Kimya alisema. "Kaenda kazini, atarudi. Wewe kaa tu, soma. Ila ukiondoka, viache vinatazamana."